Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Askari, Mihadarati na Haki ya Kusikilizwa Upya

Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hii tumeikariri tangu shule za msingi, tukaiandikia insha na kupewa alama, lakini ni nadra kuipima katika mambo mazito ya dunia. Makala haya yananuia kuipima katika suala moja: je, askari aliyefukuzwa jeshini kwa kutumia mihadarati anastahili kusikilizwa upya, hata baada ya miaka mingi kupita? Jibu langu ni kwamba anastahili. Fauka ya hayo, nitatetea rai kwamba namna anavyosikilizwa hivi leo ingali na kasoro ya kimsingi, kwa kuwa mzigo wa kuthibitisha umetwikwa bega lililo dhaifu kuliko yote.

Mfano nitakaoutumia ni wa Marekani, kwa sababu mbili. Kwanza, nchi hiyo imeunda vyombo vya kisheria vinavyoshughulikia jambo hili tangu miaka ya 1940, na kanuni zake zinasomeka na yeyote. Pili, wapo vijana wa Afrika Mashariki waliovaa sare ya nchi hiyo, na kwao suala hili linagusa uraia wao wenyewe. Nitalirejelea jambo hilo baadaye.

Tuanze na karatasi. Kila askari wa Marekani anapoondoka jeshini hupewa hati inayojulikana kama DD 214. Hati hiyo hutaja tarehe alizotumikia, mafunzo aliyopata na nishani alizotunukiwa. Hutaja pia aina ya kuondoka kwake. Aina kuu ni tano: kuondoka kwa heshima, kuondoka kwa kawaida chini ya masharti ya heshima, kuondoka chini ya masharti yasiyokuwa ya heshima, kuondoka kwa mwenendo mbaya, na kuondoka kwa fedheha. Aina mbili za mwisho hutolewa na mahakama ya kijeshi. Tatu za mwanzo hutolewa kiutawala, yaani kwa uamuzi wa makamanda pasipo hukumu ya mahakama. Katika nakala kamili ya hati hiyo huandikwa pia sababu ya kuondoka, na kwa askari tunayemzungumzia, sababu hiyo huwa ni utovu wa nidhamu uliotokana na mihadarati.

Sisi tulio wanafunzi wa lugha tunajua uzito wa neno. Neno heshima likikosekana katika hati ile, mlango mmoja baada ya mwingine hufungwa. Aliyeondoka kwa kawaida chini ya masharti ya heshima hubaki na manufaa mengi, ila hupoteza msaada wa masomo unaotolewa kwa waliotumikia jeshi. Aliyeondoka chini ya masharti yasiyokuwa ya heshima huweza kunyimwa hata matibabu na malipo ya ulemavu, mpaka idara inayowahudumia askari wa zamani iamue kivyake kwamba anastahili. Mwajiri naye huomba kuiona hati ile. Hivyo basi, kosa la usiku mmoja humfuata mtu hadi uzeeni.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa miaka ishirini na miwili anarejea kutoka Afghanistan. Amewaona wenzake wawili wakiuawa kwa bomu lililofukiwa barabarani. Hajalala usingizi mzima kwa miezi minne. Mlango ukibamizwa, moyo wamruka. Haendi kwa daktari kwa kuwa anachelea kuonekana mwoga mbele ya kikosi chake. Rafiki anampa bangi, naye analala. Wiki mbili baadaye majina yanachaguliwa kwa bahati nasibu ili watu wapimwe mkojo, na jina lake limo. Anapewa notisi ya kufukuzwa. Sheria inampa nafasi ya kujitetea mbele ya jopo iwapo makamanda wanapendekeza aondoke bila heshima, lakini anaambiwa kwamba akiiacha nafasi hiyo mambo yatakwisha upesi. Anatia sahihi. Hajui kwamba ameisainia miaka arubaini ya maisha yake.

Hapo ndipo methali ya wahenga inapopata mashiko. Kamanda ameona kovu, nalo ni mkojo wenye bangi. Jeraha hakuliona, na pengine hakulitafuta.

Wapo watakaosema kwamba mfano huu nimeupaka rangi ili uwatie watu huruma. Basi tutazame historia. Mwezi wa Juni mwaka wa 1971, Rais Richard Nixon alitangaza kwamba matumizi ya mihadarati ndiyo adui nambari moja wa Marekani. Wakati huo heroini ilikuwa imezagaa miongoni mwa askari waliokuwa wakipigana Vietnam, ikiuzwa kwa bei rahisi na ikiwa safi kupita ile ya mitaani kwao. Serikali iliamuru askari wapimwe mkojo kabla ya kupanda ndege ya kurudi nyumbani. Mtafiti Lee Robins wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis alipewa kazi ya kuwafuatilia waliorejea. Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Takriban mtu mmoja kati ya watano alikiri kuwa alikuwa mraibu akiwa Vietnam, lakini katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, ni asilimia 5 hivi tu ya waraibu hao walioangukia tena katika uraibu.

Matokeo hayo yana maana gani kwetu? Kwa maoni yangu, yanaonyesha kwamba wengi wa vijana wale hawakuwa na hulka mbovu waliyozaliwa nayo. Mahali, hofu, upweke na upatikanaji wa sumu ile ndivyo vilivyowaponza. Walipotolewa mahali pale, wengi waliacha. Mtu aliyeteleza kwenye matope hawi mlevi kwa sababu ya matope. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba kuteleza si kuanguka.

Serikali yenyewe ililitambua jambo hili mapema. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1971, Waziri wa Ulinzi Melvin Laird aliagiza kwamba walioondolewa bila heshima kwa sababu tu ya kutumia mihadarati, au kuwa nayo kwa matumizi yao wenyewe, waruhusiwe kuomba hati zao zipitiwe upya. Mwaka wa 1977, chini ya Rais Jimmy Carter, mpango maalumu wa kuzipitia hati za enzi ya vita vya Vietnam ulianzishwa. Hata hivyo, kulikuwa na pengo kubwa. Maradhi ya akili yanayosababishwa na kiwewe, yale yanayomnyima askari usingizi na kumrudisha vitani kila afumbapo macho, yaliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka wa 1980. Askari aliyefukuzwa mwaka wa 1970 asingeweza kujitetea kwa ugonjwa ambao haukuwa na jina. Angesema nini? Msamiati wenyewe haukuwepo. Ugonjwa usio na jina hauna mwanasheria.

Sasa tuwasikilize wapinzani, maana msema pweke hushinda, na ushindi wa namna hiyo haufai katika mjadala wa wasomi. Hoja yao kubwa ni usalama, nayo si hoja ya kupuuzwa. Usiku wa tarehe 26 Mei mwaka wa 1981, ndege ya kivita ilianguka ilipokuwa ikitua juu ya manowari ya USS Nimitz. Watu 14 walifariki na makumi wengine wakajeruhiwa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba baadhi ya mabaharia waliokufa walikuwa na dalili za bangi miilini mwao. Ingawa lilizuka swali iwapo bangi hiyo ndiyo iliyosababisha ajali, mkasa ule ulichangia sana kuzaliwa kwa sera kali ya kutovumilia kabisa mihadarati, na upimaji wa mkojo ukaenea katika majeshi yote. Askari hubeba silaha, huendesha vifaru na kurusha ndege. Raia akilewa huenda akajidhuru. Askari akilewa huenda akaua kikosi kizima. Hoja hii naikubali pasipo kigugumizi.

Lakini tuangalie vizuri inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba jeshi lina haki ya kupima, kuadhibu na hata kumwondoa mtu kazini. Haithibitishi kwamba mtu huyo asitibiwe maisha yake yote. Kuipitia upya hati ya mwanajeshi hakumrudishi kwenye manowari wala hakumkabidhi bunduki. Kunachoamua ni neno lipi liandikwe juu ya utumishi wake wote, na ikiwa miaka mitatu ya kazi njema ifutwe na sampuli moja ya mkojo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ni kosa la kimantiki kabla ya kuwa kosa la kimaadili.

Isitoshe, takwimu zinawaelemea wapinzani. Mwaka wa 2017, ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilichapisha ripoti kuhusu askari walioondolewa kwa utovu wa nidhamu kati ya miaka ya fedha ya 2011 na 2015. Askari hao walikuwa 91,764. Miongoni mwao 57,141, yaani asilimia 62, walikuwa wamegunduliwa na madaktari, katika miaka miwili kabla ya kuondolewa, kuwa na kiwewe, jeraha la ubongo au hali nyingine zinazoweza kuhusiana na utovu wa nidhamu, yakiwemo matatizo ya ulevi na ya kushindwa kukabiliana na mabadiliko ya maisha. Ni kweli kwamba waliokuwa na kiwewe au jeraha la ubongo hasa ni asilimia 16 ya wote. Haifai kuzitia chumvi takwimu hizi. Hata hivyo, kati ya hao 57,141, askari 13,283 waliondoka chini ya masharti yasiyokuwa ya heshima. Kwa maneno mengine, jeshi lenyewe lilikuwa na cheti cha daktari mkono mmoja na barua ya kumfukuza mgonjwa mkono wa pili.

Ni vyombo gani basi vinavyoweza kurekebisha mambo? Vipo viwili. Cha kwanza ni bodi ya kupitia upya hati za kuondoka, ambayo kila tawi la jeshi linayo. Ombi kwa bodi hii sharti liwasilishwe ndani ya miaka 15 tangu askari kuondoka, nayo huuliza maswali mawili: je, uamuzi ulifuata kanuni? Na je, uamuzi ulikuwa wa haki? Maswali haya hayafanani hata kidogo. Uamuzi waweza kufuata kila kifungu cha sheria na bado ukawa dhuluma. Chombo cha pili ni bodi ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, yenye mamlaka mapana zaidi. Ombi kwake hutakiwa kupelekwa ndani ya miaka mitatu tangu kosa kugunduliwa, ingawa bodi yaweza kuulegeza muda huo kwa maslahi ya haki.

Katika miaka ya karibuni, miongozo mitatu ilitolewa. Mwaka wa 2014, Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliagiza bodi za kusahihisha kumbukumbu ziyatazame kwa ukarimu maombi ya askari wa zamani waliokuwa na kiwewe, hasa wa enzi ya Vietnam. Mwaka wa 2017 ukafuata mwongozo uliofafanua maswali manne ya kuulizwa. Je, mwombaji alikuwa na hali au tukio linaloweza kuelezea kosa lake? Je, hali hiyo ilikuwepo alipokuwa jeshini? Je, kweli inalielezea au kulipunguzia kosa uzito? Je, inaushinda uzito wa kumwondoa? Mwongozo huo ulikiri kwamba mtu huweza kutafuta kileo ili kujitibu, na kwamba kuondoka kwa heshima hakudai utumishi usio na doa. Ulikumbusha pia kwamba bangi, ijapokuwa ni haramu jeshini, imehalalishwa katika baadhi ya majimbo na huenda ikaonekana kosa jepesi kuliko ilivyoonekana miongo iliyopita. Mwongozo wa tatu, wa mwaka wa 2018, ulihimiza bodi zizingatie huruma na mwenendo wa mtu baada ya kuondoka.

Miongozo hii ni mizuri, na waliopigania kutolewa kwake wanastahili shukrani. Tatizo ni kwamba mwongozo haubadili nani anayebeba mzigo. Bodi huanza kwa kudhani kwamba maafisa wa serikali walitenda kazi yao sawasawa, na ni juu ya mwombaji kuivunja dhana hiyo. Mwombaji huyo ni nani? Ni mtu ambaye maradhi yake yenyewe huharibu kumbukumbu na usingizi. Mara nyingi hana wakili. Rekodi za matibabu azihitajizo zimehifadhiwa na jeshi lilelile lililomfukuza. Mashahidi wake wametawanyika, wengine wamefariki. Kumwambia mtu wa namna hiyo athibitishe kilichokuwa kichwani mwake miaka kumi na minne iliyopita ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu apande mlima ili akachukue gongo. Haishangazi kwamba askari wa zamani wamelazimika kwenda mahakamani kwa pamoja, na kwamba mwaka wa 2021 jeshi la nchi kavu lilikubali, katika suluhu ya kesi mojawapo, kuyaangalia tena maelfu ya maamuzi ya bodi yake.

Msomaji wa hapa Kenya huenda akauliza: haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Kati ya mwaka wa 2009 na 2016, jeshi la Marekani lilikuwa na mpango wa kuwaandikisha wageni waliokuwa na viza za muda, mradi wawe na ujuzi wa tiba au wa lugha zilizohitajika. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Lugha tunayoisomea katika chama hiki, na ambayo baadhi ya watu hutucheka kwamba haina ajira, iliwafungulia vijana wetu njia ya kuwa raia wa nchi ile upesi. Lakini sheria iliyowapa uraia huo ina makali upande wa pili. Aliyeupata kwa njia ya utumishi jeshini huweza kunyang'anywa iwapo ataondolewa chini ya masharti yasiyokuwa ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Kwa mzaliwa wa Texas, karatasi ile humnyima karo na matibabu. Kwa mzaliwa wa Kisii au Tanga, huweza kuwa mwanzo wa safari ya kumpokonya nchi aliyoipigania. Kosa ni lile lile, adhabu haifanani.

Hitimisho langu lina mapendekezo matatu. Kwanza, pale ambapo kumbukumbu za jeshi lenyewe zinaonyesha kwamba askari aligunduliwa kuwa na kiwewe au jeraha la ubongo kabla ya kufukuzwa kwa kutumia mihadarati, hati yake ipitiwe upya bila kungoja aombe. Mwenye ushahidi ndiye aanze kusema. Pili, ukomo wa miaka 15 uondolewe katika maombi yanayohusu maradhi ya akili, kwa kuwa maradhi haya huchelewa kukiriwa na wanaume waliofunzwa kwamba kulalamika ni woga. Tatu, mtumiaji atengwe na mchuuzi. Aliyewauzia wenzake heroini alifanya biashara juu ya migongo ya watu, na sioni haja ya kumtetea. Aliyevuta ili apate usingizi alikuwa akitafuta dawa mahali pasipofaa, baada ya kukosa kupewa mahali panapofaa.

Hakuna hata moja katika haya linalomtaka yeyote aseme kwamba mihadarati ni halali au kwamba nidhamu si kitu. Wahenga hao hao waliotuonya kuhusu kovu walisema pia kwamba kosa moja haliachi mke. Ikiwa ndoa, ambayo ni agano la watu wawili, haivunjwi kwa kosa moja, taifa lililompeleka kijana wake vitani lina sababu gani ya kuvunja agano nalo kwa sampuli moja ya mkojo? Limwite tena. Limsikilize. Kisha, kama baada ya kuyaona majeraha yote bado litaona kwamba neno heshima halimfai, na liandike hivyo likiwa limefumbua macho.